Nyama Zilizomtokea Puani Abdurahman

Msambweni,
6 Oktoba 2024

Kwa binamu yangu Twaiba binti Rai,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na magunia yake ya korosho. Huku kwetu hatujambo. Mama, shangazi yako, magoti yanamsumbua lakini ulimi uko imara, alhamdulillahi. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Bomba la mtaa limekauka tena, na safari hii watu wa kamati wamekuja kulipiga picha. Mke wangu anakusalimu sana na anakukumbusha ile leso uliyoondoka nayo Idi ya mwaka juzi, ingawa nimemwambia leso ikishavuka mpaka wa Lunga Lunga hairudi.

Utashangaa kupata barua ya mkono katika zama hizi. Simu yangu ilitumbukia kwenye supu ya kongoro, nikaiopoa ikiwa imeiva. Fundi wa Ukunda anasema bado inapokea, ila sauti yangu inatoka vibaya. Kwa hivyo barua hii nimempa Mwinga, yule dereva wa lori anayekuja huko Mtwara kupakia korosho za mumeo, na nimemwapisha asiikalie.

Kuna maneno ya watu yanazunguka, na najua yamekufikia kabla ya barua. Usiyasikilize. Pilau ya harusi ya Tiwi haikuungua. Ilipata moshi, na moshi ni kiungo kama viungo vingine. Wageni wa Diani hutafuta kwa tochi samaki aliyepata moshi. Na habari ya pua ilikwisha tangu mwaka jana, waliponipasua wakazitoa zile nyama. Nimepona kabisa. Mtu ambaye hasikii harufu atapikaje harusi za watu?

Sasa shughuli yenyewe. Nasikia Ummi wetu, binti yako, amechumbiwa na harusi itakuwa hapa nyumbani, kwa marehemu baba yako. Unakumbuka siku ya arubaini ya Ummi nilimbeba, nikasema mbele ya wazee kwamba biriani ya harusi ya mtoto huyu nitaipika mimi kwa mikono yangu. Niambie tarehe, nianze kutafuta kuni za mkorosho mapema. Mpishi mwingine akikanyaga jiko hilo, mimi nitahamia Lunga Lunga nikawachomee madereva mahindi.

Ni mimi binamu yako,
Abdurahman Chirau


Mtwara,
29 Oktoba 2024

Binamu Abdurahman, mpishi wa moshi,

Wa alaykum salaam. Shikamoo ya umri nakupa, ya akili bado naishikilia. Sisi wazima. Mume wangu yumo mashambani na korosho zake, namwona kama mwezi mwandamo. Ummi hajambo, ameanza kujipaka liwa na kujitazama kioo. Msalimu shangazi, mwambie yale mafuta ya magoti nitayatuma. Mkeo mwambie leso ninayo na imenipendeza.

Simu yako imetumbukia kwenye supu? Tena? Mwaka jana ilikuwa kisimani, kabla ya hapo ikaibwa na ngedere. Lakini Ijumaa niliipiga, ikalia vizuri kabisa, akapokea mtu akasema "Dadi bwezagu?" kisha akakata. Nikajiuliza, huyu king'ong'o ni nani aliyeokota simu ya binamu yangu? Maskini, pua yake imeziba kama mlango wa bohari.

Na hiyo pilau ya Tiwi, mimi nimeiona kwenye video. Wageni wanakula huku wakipepesuka kwa kukohoa, na wewe umesimama kando ya sufuria umeshika mwiko, unatabasamu kama bwana harusi. Moshi umekufunika mpaka kofia. Unajua watu wanasemaje? Wanasema Abdurahman amedokoa minofu ya harusi za watu tangu ujana wake, na sasa nyama zimemtokea puani. Habari hiyo imefika mpaka huku, nimeambiwa na mwanamke ambaye hata Kwale haijui.

Lakini hii barua ya mkono nimeipenda, kwa sababu barua inabeba vitu ambavyo simu haibebi. Ndani ya bahasha nimetia kifuko cha kitambaa, nimekishona pande zote. Usikifungue. Kinuse tu, uniambie mna nini. Mtu aliyepona kabisa hatashindwa.

Mtani wako,
Twaiba


Msambweni,
24 Novemba 2024

Kwa binamu yangu Twaiba,

Assalaam alaykum. Sote wazima, isipokuwa adabu za watu ndizo zinazougua. Mwinga ameniletea bahasha yako ameifunga kwa kamba nje ya dirisha la lori, kana kwamba ni ya jirani yake mbaya. Nikamuuliza, akapandisha kioo akaondoka mbio. Nilipoingia nayo ndani Mama akasimama kwa magoti yale yale yanayomsumbua, akatoka nje bila kuaga. Mke wangu akafukiza ubani nyumba nzima na akanitaka nikae barazani hadi kifuko kitakapoondoka. Sijui mmepatwa na nini wanawake wa ukoo huu.

Nimekinusa. Ni iliki. Tena iliki changa, ya kijani, iliyovunwa kabla ya mvua, yenye utamu mwembamba kwa nyuma. Pengine umeichanganya na mdalasini kidogo ili unipoteze, lakini mimi si mtu wa kupotezwa. Ningekuwa na wasaa ningekutajia na shamba ilikotoka.

Basi maneno yamekwisha. Nipe tarehe.

Abdurahman


Mtwara,
15 Desemba 2024

Kwa Abdurahman, bingwa wa iliki,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Salamu za nyumbani nitaziandika mwisho kwa sababu nimecheka mpaka mbavu zinaniuma, na nikianza na shangazi nitasahau.

Ulikuwa mvuje! Mvuje, Abdurahman! Utomvu ule ambao mama zetu walitufunga mkononi tulipokuwa wachanga ili mashetani yatukimbie. Nilishona bonge zima. Hapa kwangu paka alihama. Mwinga alitaka kuishusha barua pale Lunga Lunga, na ofisa wa forodha akamwambia apite haraka bila kufungua turubai. Shetani mwenyewe angefika mlangoni kwako akaomba radhi, na wewe umekaa na kifuko hicho barazani unaniambia iliki changa yenye utamu mwembamba kwa nyuma. Nimeisoma barua hiyo mbele ya mashoga zangu. Mmoja ametaka nakala.

Haya. Nimeshacheka. Sasa nisikilize, maana baada ya kucheka nilikaa jikoni nikalia, na sipendi kulizwa na mtu mjinga.

Walipokupasua walikwambia nini? Mtu hakatwi kitu mwilini akaachiwa hivi hivi, lazima walikupa maelekezo. Dawa gani ulipewa, na unaitumia? Shangazi ameniambia kwa simu kwamba kifua chako kinapiga filimbi ukipanda ngazi za msikiti. Mbona hilo hukuliandika, ila la mbuzi mapacha ukaliandika? Rudi hospitali. Usiende kwa Issa muuza dawa, nakujua. Nenda kwa daktari wa pua.

Harusi ni Jumamosi ya tarehe 16 Agosti, inshaallah. Habari ya jiko tutaongea.

Msalimu shangazi, msalimu mkeo, wasalimu mbuzi.

Twaiba


Msambweni,
26 Januari 2025

Kwa Twaiba, mwanamke asiye na huruma,

Wa alaykum salaam. Mama anakuombea dua kwa kumchekesha. Mbuzi mmoja katika wale mapacha amekula ukurasa wa kwanza wa barua yako, ule wa matusi, na tangu siku hiyo nampa majani ya ziada.

Nimekwenda. Usishangilie. Daktari ni binti wa bara, jina lake Jacinter, umri kama wa Ummi, anavaa viatu vya kukimbilia. Akaniingiza kijiti chembamba chenye kamera puani, akaniambia nitazame kwenye kioo cha mashine. Twaiba, mimi nimechuna na kupasua wanyama maisha yangu yote, lakini kile sijapata kukiona: vitu vya kijivu, vinang'aa, vimening'inia kama zabibu zilizomenywa. Akasema, "Mzee, zimerudi." Nikamwambia haiwezekani, nyama ikishakatwa imekatwa, na mtu anayejua nyama hapa ni mimi. Akacheka. "Mzee, hii si ile ya bucha. Ni ngozi ya ndani ya pua imevimba ikaanza kuning'inia. Ni vile tu watu huiita nyama." Nikamuuliza kama inaweza kuletwa na kudokoa minofu ya harusi. Akaniuliza nimedokoa mingapi. Nikarudisha macho kwenye kioo.

Kisha akatafuta majibu yangu ya upasuaji wa kwanza. Kumbe kile kipande walichokata kilipelekwa maabara, kikatazamwa kwa darubini, wajue ni chembe gani zimejazana humo. Anasema damu ina askari wa aina nyingi. Wako neutrofili, hao hukimbilia vijidudu na usaha. Na wako eosinofili. Mimi nilidhani huyo ni Mtaliano mwenye nyumba za wageni Diani, na kumbe sikukosea sana: wamekuja kwa likizo ndani ya pua yangu, wakapapenda, wakajenga. Nyama zangu zimejaa hao. Sasa mtu ambaye zake zimejaa eosinofili, anasema Jacinter, hata ukate vizuri namna gani, hatari ya kuota upya ni kubwa kuliko kwa mtu ambaye hana wengi. Si lazima zirudi. Lakini ukizembea, zitarudi tu. Ndiyo sababu niliambiwa nipulize dawa puani kila siku na nioshe kwa maji ya chumvi, hata nikijiona mzima.

Hapa ndipo utakapocheka, kwa hivyo cheka upesi tumalize. Karatasi ile ya maabara nilipewa tangu mwanzo, nami nikaipeleka kwa Issa. Usiseme kitu. Issa akavaa miwani, akaisoma, akasema hawa eosinofili huonekana kwa mtu mwenye minyoo. Nikanywa dawa ya minyoo. Nikanywa tena mwezi uliofuata, na tena. Ile ya kupuliza nikaiacha, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusikia harufu, na minyoo haikai puani. Jacinter alipolisikia hilo aliweka kalamu chini, akafunika uso. "Huyo Issa alisoma nusu ukurasa," akasema. "Wanapanda pia kwa minyoo, ni kweli. Lakini wako walikuwa ndani ya pua, mzee!"

Nikamwambia mimi napandisha maji puani kwa udhu mara tano kila siku tangu utotoni. Akasema vizuri sana, basi hii ni ya sita, ina chumvi na maji yake yamechemshwa. Akaniuliza pia kama nikimeza aspirini kifua kinabana. Nikasema ndiyo, kwani kuna mtu ambaye hakimbani? Akanikataza nisiiguse maisha yangu yote. Kumbe kifua na pua na aspirini ni ukoo mmoja.

Anataka kunipasua tena kabla ya Ramadhani. Nimekubali. Sasa na wewe niambie habari ya jiko, maana nimeona umeiruka.

Abdurahman


Mtwara,
16 Februari 2025

Kwa binamu mwenye minyoo ya pua,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, joto tu. Ummi amechagua rangi ya nguo za harusi na ameibadilisha tena.

Nimeisoma yako kwa kituo. Pale kwa Issa nimelazimika kutoka nje nikapunge hewa. Mwanamume mzima, anapika sufuria la watu mia tano, anakunywa dawa ya minyoo ya watoto yenye ladha ya chungwa ili apone pua. Naomba uniambie, walitoka? Walitoka wakipiga chafya?

Nenda ukapasuliwe. Ukitoka, hiyo dawa ya kupuliza uifunge shingoni kama hirizi. Mwambie yule binti Jacinter kwamba mimi shangazi yake wa Mtwara nampa ruhusa ya kukuchapa.

Habari ya jiko usiniulize sasa. Pona kwanza. Ramadhani Karim.

Twaiba


Msambweni,
20 Aprili 2025

Kwa Twaiba,

Salaam aleikum. Mama mzima. Mke wangu mzima. Mbuzi wazima.

Nimepasuliwa, namshukuru Mungu. Napuliza kila asubuhi na kila jioni, naosha, na Jacinter amenitazama mara mbili akasema pako safi. Siku moja katika kumi la mwisho la Ramadhani nilikuwa barazani, mke wangu anakaanga vitunguu vya futari. Nikavisikia. Nikavisikia vikiwa vibichi, nikavisikia vikilainika, nikasikia hata pale vilipoanza kugeuka rangi, nikapiga kelele, "Epua!" Akaepua, ndio kwanza vina rangi ya asali. Nikalia mbele ya watoto. Nilipanga kukuandikia barua ndefu ya jambo hilo, yenye madoido.

Juzi nimekwenda Ukunda kutafuta bizari. Nikakutana na Dama, yule mwenye keteringi, mwenye masufuria ya magurudumu. Akanishika mkono mbele ya wauza viungo wote, akasema, "Pole na pua, kaka yangu. Wala usihangaike na harusi ya Ummi, Twaiba alishanikabidhi jiko tangu Desemba."

Tangu Desemba! Uliniandikia "tutaongea" na kumbe ulishaongea. Ulinicheka na minyoo yangu, ukanitakia Ramadhani njema, na jiko liko kwa Dama. Ungenitukana kwa jina la baba yangu ningekusamehe, sisi ni watani. Lakini hili si utani. Mtoto yule nilimwahidi akiwa hata shingo haijakaza.

Sina zaidi.

Abdurahman


Mtwara,
18 Mei 2025

Kwa Abdurahman,

Assalaam alaykum. Shangazi nimemsikia kwa simu, anasema hutaki kutajiwa jina langu na unakula kwa hasira, yaani unakula sana. Alhamdulillahi, hiyo ni dalili ya pua kufunguka.

Ndiyo, nilimpa Dama. Sikuombi radhi. Ummi ana harusi moja, Mungu akipenda, na mimi sitaki wageni wa mkwe wangu wapepesuke kwa moshi huku mpishi anatabasamu. Umekasirika kwa sababu nilikuficha. Wewe ulinificha nini? Simu haikuanguka kwenye supu. Pilau ya Tiwi iliungua. Kifua kinapiga filimbi. Mvuje ukauita iliki changa, ukataka kunitajia na shamba! Ungesema Oktoba, "Twaiba, sisikii harufu, nina hofu," ningekuja kwa miguu.

Sasa unasema umepona, nami naamini. Ila uliwahi kusema umepona na zilikuwa zinaota. Jacinter mwenyewe amesema hao Wataliano wako ni watu wa kurudi. Tuseme warudi Julai, taratibu, bila hodi. Nani atajua? Jacinter yuko kwake. Mkeo hana kamera. Wa kwanza kujua ni wewe, na wewe, binamu, ni mwongo. Pua yako nikiiogopa mara moja, mdomo wako nauogopa mara kumi.

Basi nakupa nafasi, na nimemwambia Dama angoje. Kwenye bahasha mna kifuko kingine, nimekishona vile vile. Kinuse, uniandikie mna nini. Safari hii si mzaha. Jibu lako ndilo litakaloamua nani atapika tarehe 16 Agosti, na likishafika sitaligeuza wala sitajadiliana.

Twaiba


Msambweni,
22 Juni 2025

Kwa binamu yangu Twaiba,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai mko salama. Idi ya kuchinja tumeila vizuri. Mama anakusalimu, mke wangu amekusamehe ile leso. Mwinga alikwama na lori Lunga Lunga, ndiyo maana bahasha imechelewa kufika. Safari hii aliileta mfukoni mwa shati, nikajua si mvuje. Nikafurahi.

Nimekinusa barazani. Hakuna kitu. Nikasema ni upepo, nikaingia ndani, nikanusa tena. Nikaosha pua, nikangoja, nikarudia. Nasikia kitambaa, nasikia uzi, nasikia jasho la Mwinga na ugoro wake. Ndani ya kifuko, kimya. Nikadhani imeziba yote, nikakimbilia kabati la viungo. Karafuu naisikia. Bizari nyembamba naisikia. Iliki naisikia, Twaiba, iliki ya kweli. Narudi kwenye kifuko, kimya.

Unajua inavyoanza? Hata mara ya kwanza haikuondoka yote kwa siku moja. Ilianza na vitu vyepesi. Maji ya waridi yalikwenda, nikasema siku hizi wanayachakachua. Zafarani ikafuata, nikamlaumu muuzaji. Mpaka ikafika zamu ya pilau ya Tiwi, ambayo, ndiyo, iliungua. Iliungua mpaka chini, nami nilijua kwa kuziona nyuso za watu.

Nilitaka kumwita mke wangu anuse anisaidie. Nikamrudisha mlangoni. Nikashika kalamu. Nilikuwa na majina matatu tayari, na mojawapo huenda lingepatia, maana wewe huna mambo mengi jikoni kwako. Kalamu ikakataa.

Sisikii kitu. Sijui ulichotia humo. Nafikiri zinarudi, na naogopa sana. Jumatano nakwenda kwa Jacinter.

Mpe Dama jiko. Mwambie biriani ya Ummi asiitie zabibu, mtoto hazipendi tangu utotoni, huziokota moja moja akazipanga kando ya sahani. Vitunguu avikaange siku ile ile, asije na vya mfuko. Mtindi usiwe mkali. Na akishapalia makaa juu ya kifuniko asiondoke, akae hapo hapo anuse, kwa sababu biriani haitoi taarifa mara mbili. Kuni za mkorosho nimeshazikausha ziko nyuma ya nyumba, azichukue. Mimi nitakaa ukumbini na wageni. Nitakula.

Nduguyo,
Abdurahman


Mtwara,
9 Julai 2025

Kwa binamu yangu mpenzi Abdurahman,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo. Hii ni ya umri na ya akili, zote mbili, ipokee kabla sijaghairi.

Sisi wazima. Mume wangu mzima. Ummi nimemsomea barua yako, nilipofika pale pa zabibu akanipokonya, akaenda kuimalizia chumbani kwake amejifungia. Ametoka macho mekundu, anasema kama si Mjomba Abdurahman basi wageni wapewe soda.

Nilitaka kukupigia simu usiku ule ule nikutoe hofu, nikakumbuka yako imo kwenye supu. Nikampigia shangazi, akaniambia Jacinter amekutazama kila pembe na pako safi, hakuna hata kipele, na kwamba bado hulali na huelewi basi kwa nini hukusikia kitu. Nikamwomba asikwambie neno mpaka barua hii ikufikie, maana jambo hili nilitaka ulisome kwa macho yako. Dama nimeshazungumza naye. Amenitukana vizuri, mtu wa maneno yule, kisha akakubali kufanya sambusa na mahamri ya chai.

Kama pua yako inafanya kazi au haifanyi, hilo la kamera. Mimi nilitaka kujua kama siku itakapoacha kufanya kazi utaniambia. Wataliano wako wakirudi mwaka kesho, au baada ya miaka, utaniandikia vile vile ulivyoniandikia sasa, nami nitakuja, na Dama atapika, na hakuna atakayecheka isipokuwa mimi.

Endelea kupuliza. Endelea na udhu wa sita.

Kifuko kilikuwa kitupu, mdokozi wee. Zirudishe kuni jikoni.

Twaiba